Siti ya Boxer iliyokuwa inamtesa mtu kabla hajafika Makambako: kisa kizima

Hiki kisa naandika kwa ruhusa ya mwenye pikipiki, jina lake naliacha. Ni jamaa ananunua parachichi, anazunguka Rungwe, anapanda Njombe, anapita Mafinga, na kila mwezi lazima afike Iringa kwa pikipiki yake mwenyewe na kurudi, basi hataki kwasababu njiani anachepuka mashambani. Pikipiki ni Boxer 150, hizi hizi za kawaida tunazoziona kila kona. Mi ni fundi siti hapa Mwanjelwa, Mbeya, makochi nafanya, siti za magari nafanya, ila siti ya pikipiki ya mtu wa safari ndefu ndo kazi naipenda kuliko zote. Na hii nataka niielezee yote toka alivyokuja, maana ndani yake kuna karibu kila tatizo ambalo watu wa huku Nyanda za Juu wananiletea, isipokuwa wao wananiletea moja moja na huyu alikuwa nayo yote kwa pamoja.

Alivyofika alisalimia, kamwene fundi, nikaitika kamwene kaka, akaenda moja kwa moja kwenye shida: niongezee sponji inchi mbili juu, weka lile laini kabisa, makalio yameisha. Nikamwambia kaka sponji tutaliongelea baadae, we nielezee kwanza safari, kipande kwa kipande, wapi panaanza kuuma na panauma vipi.

Mbeya mpaka Iringa ni kama kilomita 330. Kwa Boxer ukitembea sitini sabini, uweke vilima, malori, na kusimama, siku nzima imeishia barabarani. Akasema kuanzia Uyole mpaka Igurusi hana shida yoyote. Chimala anaanza kuhamahama kwenye siti, mara aende nyuma mara mbele. Igawa, pale bado joto la Usangu lipo, ile mifupa miwili ya chini ya makalio inaanza kuwaka moto. Kabla hajafika Makambako katikati ya mapaja pameshakufa ganzi, na ganzi hiyo haiondoki mpaka ashuke atembee. Mafinga akishuka kiuno kinagoma kunyooka. Na kwenye kila mteremko, kila akigusa breki, anajikuta amesogea mpaka kwenye tangi, anajirudisha nyuma, anasogea tena.

Sasa hapo msikilize mtu vizuri. Hakusema siti inauma, ingawa ye mwenyewe alidhani ndo anachosema. Alisema vitu vitatu: mifupa inawaka, katikati panakufa ganzi, kiuno kinakaza. Na cha nne, anateleza kwenda mbele. Kila kimoja kina chanzo chake na sponji laini la inchi mbili haligusi hata kimoja, tena linaongeza. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu nawaona watu wanatoa hela mara mbili mara tatu kwa siti ile ile, kila fundi anaongeza sponji juu ya sponji, na mtu anabaki anaumwa akiamini ye ndo hana mwili wa safari.

Huyu alikuwa ameshaongezewa mara moja mji mwingine. Siti imevimba katikati, imechongoka kidogo, kava jekundu na jeusi linang'aa, na mshono mzuri kweli wa mapambo unapita kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa macho inavutia. Ila ule mshono ulikuwa unapita hapo hapo mifupa inapokaa.

Kabla sijafungua kitu nilimwambia apande akae kama anavyokaaga safarini, pikipiki iko kwenye stendi kubwa, mimi nikasimama pembeni namwangalia tu. Dakika kama kumi hivi, tunapiga stori za bei ya parachichi. Ndani ya huo muda nyonga yake ilikuwa imeelekea mbele, mgongo umepinda, mikono imebeba uzito. Alafu nikaona mfuko wa nyuma wa jinsi, upande wa kulia, umetuna. Nikamuuliza kuna nini humo, akatoa pochi nene, vitambulisho, risiti, na funguo za stoo. Kilomita 330 anakalia hiyo! Upande mmoja wa nyonga umeinuka juu ya mwingine, uti wa mgongo unapinda kufidia, na ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kwenye kalio kwenda mguuni unabanwa. Akaniambia kweli mguu wa kulia huwa unachoma mpaka kwenye goti, hakuwahi kuunganisha. Hiyo sehemu ya tiba ilikuwa bure, pochi ihamie kwenye koti, basi. Na jinsi yenyewe, ile yenye mshono mnene unaokutana katikati ya mapaja, nikamshauri safari ndefu avae suruali yenye mshono bapa, na nguo ya ndani isiyo na pindo nene kwenye makalio.

Kipimo kingine mtu yeyote anaweza kufanya nyumbani. Chukua boksi gumu, lile lenye mawimbi katikati, liweke juu ya benchi la mbao, likalie, inua miguu kidogo ili uzito wote ushuke, kaa hivyo dakika moja. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Hapo ndo mifupa yako ilipo. Pima katikati ya kishimo mpaka katikati ya kingine. Wanaume wengi wanaangukia kwenye sentimita 10 mpaka 14, wanawake mara nyingi inazidi kidogo, na haina uhusiano wa moja kwa moja na unene wa mtu, mnene anaweza kuwa na mifupa ya karibu na mwembamba akawa na ya mbali. Jamaa yangu alikuwa na 13. Nikachora vile vishimo kwa chaki juu ya siti yake na jibu likaonekana bila hata maneno: katikati siti imevimba, kwahiyo mifupa yote miwili ilikuwa inakaa kwenye miteremko ya pembeni, na kilichobeba uzito ni katikati, pale ambapo hapatakiwi kubeba chochote. Hapo chini kuna mshipa wa fahamu na mishipa ya damu, ukiibana masaa ndo ganzi inakuja. Ganzi ya namna hiyo msiichukulie poa. Ikiwa umeshuka na bado inaendelea muda mrefu, au inakuja na shida ya kukojoa, hiyo siyo kazi ya fundi siti tena, nenda hospitali.

Nikafungua. Kava lilivyotoka maji yakachuruzika. Mshono ule wa mapambo ulikuwa mlango wa mvua, na huyu mtu anashinda Tukuyu, mnajua mvua ya kule. Sponji lililoongezwa lilikuwa la godoro la kawaida, laini, limelala kabisa pale anapokaa, kidole gumba kinabonyeza na kugusa chini bila kutumia nguvu. Chini yake sponji la kiwandani lipo zima, gumu kiasi, limelowa upande wa nyuma. Nikageuza plastiki ya chini, raba mbili kati ya zile zinazokaa kwenye chesisi hazipo. Kwahiyo plastiki ilikuwa inagonga chuma moja kwa moja na mtetemo wote wa injini unapanda juu. Injini ya silinda moja inatetemesha, hilo haliepukiki, lakini raba ndo zilitakiwa zipunguze. Raba mpya ni vitu vya hela ndogo sana na watu hawaziangalii.

Ngoja nieleze kwanini laini linaumiza maana hapa ndo penye ubishi kila siku. Sponji laini ukilikalia dukani linapendeza kwasababu linakubali haraka. Ila ukishakaa nusu saa limeshakandamizika mpaka mwisho, limekuwa ubapa mwembamba, na wewe umekalia plastiki. Mbaya zaidi, kwenye kuzama huko mifupa inatangulia, alafu nyama za katikati na za pembeni zinabanwa zote, damu haipiti vizuri, na huwezi hata kujisogeza kwasababu umezama. Sponji gumu kiasi linakuinua, uzito unabebwa na mifupa miwili na sehemu ya nyuma ya mapaja, katikati panapumua. Kule Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki wa masafa kinaitwa Iron Butt Association, kimeanza 1984, na safari yao ya kuanzia ni maili 1,000 ndani ya saa 24, yani kama kilomita 1,600, ni karibu sawa na kutoka hapa Mbeya kwenda Dar na kurudi bila siku kuisha. Watu wa aina hiyo wengi wanachongesha siti zao kwa vipimo vya mwili, na hizo siti ukizibonyeza kwa mkono utaziona ngumu, pana, bapa. Hawatafuti ulaini.

Kuna kitu kingine, uzito wa sponji na ugumu wa sponji ni vitu viwili. Uzito ndo unakuambia litadumu muda gani kabla halijalala. Ugumu ndo unakuambia litakuinua kiasi gani. Fundi akikuambia hili ni zito usichukulie kwamba ni gumu. Uzito unapima hivi: kata kipande cha sentimita 10 kila upande, kiweke kwenye mzani mdogo wa dukani. Kikiwa na gramu 25, hilo sponji ni kilo 25 kwa mita ya ujazo, na la hivyo kwa siti ya safari utalizika mapema. Kikiwa na gramu 50 kwenda juu hapo tunaongea. Lile lililotolewa kwenye siti yake halikufika hata 20. Ugumu sasa hauna mzani wa dukani, unaukalia. Ndo maana mi simkabidhi mtu siti bila kuikalia kwanza kabla haijavishwa.

Jamaa aliniuliza kuhusu jeli, ile pedi laini ya kunesanesa inayowekwa ndani ya siti, kaona video. Jeli inafaa kwa kiasi, inasambaza mgandamizo kidogo, ila ni nzito, ikiachwa juani inabeba joto na kulitunza, na wengi wanaweka kipande chembamba juu ya sponji bovu wakitegemea muujiza. Mto wa hewa ni habari nyingine, huo naukubali. Ule unaoitwa AirHawk una vyumba vidogo vidogo vya hewa vilivyounganika, na asili yake ni mito ya viti vya magurudumu vya wagonjwa waliopooza, ambao wakikaa muda mrefu wanapata vidonda. Hewa inahama kutoka palipobanwa kwenda palipo wazi. Vijana wa huku wanaiga kwa tyubu ya baiskeli, na inasaidia, shida wanajaza upepo mpaka inakuwa ngumu na wanayumba juu yake. Kanuni ni upepo kidogo mno, ukikaa mifupa ibaki juu ya siti kwa unene wa kidole tu. Na ngozi ya kondoo yenye manyoya, usiidharau, hasa kwa mtu wa Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba. Manyoya yanapitisha hewa chini yako, jasho halikai, baridi haipandi. Mvua ikianza unaitoa unaificha. Huyu nilimwambia aitafute, ila iwe nyongeza, siti yenyewe lazima kwanza iwe sawa.

Kazi yenyewe sasa. Sponji la godoro nikatupa. La kiwandani nikalikausha kivulini kwenye upepo, nikakata sehemu iliyovimba mpaka pakawa bapa, alafu nikaanza kujenga. Chini mbele nikaweka kabari, nene kwa mbele na kuisha taratibu kwenda nyuma, ili anapokaa sehemu yake iwe sawa na ardhi au iinuke kidogo sana mbele. Hiyo kabari peke yake ndo iliyokuja kumaliza kuteleza kwenye miteremko, na kuteleza ndo kulikuwa kunamsukuma kwenye tangi na kuzidisha ganzi. Juu yake nikalaza lile sponji lililosagwa chengachenga likabanwa kwa gundi, lina marangi rangi, zito na linakataa kulala. La juu kabisa nikaweka sponji la kawaida lenye uzito mzuri, unene sentimita moja na nusu tu, hilo ni la kupokea mwili usihisi ukali wa lile la chini. Gundi nikapaka kingoni zaidi kuliko katikati, maana gundi ikikauka inakuwa ngumu na ukipaka nyingi pale mifupa inapokaa unatengeneza jiwe.

Upana. Nyuma nikaongeza sentimita tatu kila upande ili mifupa na nyama za pembeni zipate pa kukaa, ila sponji likining'inia nje ya plastiki bila kushikiliwa ni kazi bure, linapinda. Nikaweka chini vibao vyembamba vya plastiki ngumu, nikavifunga kwa riveti kwenye plastiki ya siti. Mbele nikaacha pana kwa makusudi kwasababu sponji unapunguza ila hurudishi. Katikati nikapitisha mfereji mpana usio na kina, sentimita moja, usioonekana kava likishakaa.

Alafu nikafunga siti ikiwa tupu, nikaizungushia nailoni na mipira ya kufungia mzigo, nikamwambia nenda Mbalizi, rudi, pita Uyole, nenda mpaka Inyala, urudi, usiharakishe. Aliporudi akasema mifupa iko poa kabisa ila mapaja ya ndani yanasuguliwa na miguu haifiki chini vizuri akisimama kwenye foleni. Nilikuwa nalisubiri hilo. Nikachonga mbele kwa kisu na kumalizia kwa msasa, kingo nikazifanya duara, akajaribu tena, nikachonga tena kidogo. Hapo ndo siti inapopatikana, kwenye kuchonga na kujaribu, na fundi anayekuambia acha siti njoo kesho uichukue imevishwa hawezi kukupa hiki hata awe na mikono mizuri kiasi gani.

Kava nikachagua lisilong'aa, lenye vipele vidogo, ili lishike. Mishono yote ikaenda pembeni chini, juu hakuna hata mmoja. Ndani yake nailoni nzima isiyo na tundu. Na sikulivuta sana. Kava likivutwa mpaka likakaza, linabeba uzito lenyewe kabla sponji halijafanya kazi, na mfereji wote unapotea. Akasema halijanyooka kama lile la kwanza, nikamwambia kaka lina mikunjo miwili midogo ya pembeni, hiyo ndo sehemu sponji linapumulia, akakubali.

Kulikuwa na vitu nje ya siti pia. Shokapu za nyuma alikuwa kazikaza mpaka mwisho kwa ajili ya kubeba kreti, alafu safari za Iringa anaenda mtupu, kila shimo linapiga uti wa mgongo. Tukazirudisha, nikamwonyesha jinsi ya kuzikaza siku ya mzigo tu. Tairi la nyuma lilikuwa limejazwa upepo kupita kile kilichoandikwa na kiwanda, tukapunguza. Usukani ulikuwa umelala mbele, labda tangu alipoanguka zamani, tukauzungusha kuja kwake kidogo mpaka viwiko vikapinda bila mabega kuinuka. Na nikamwambia jambo ambalo hakuna siti inayoweza kulifanya kwa niaba yake: asisubiri maumivu ndo asimame. Kila baada ya muda mfupi asimame kwenye vikanyagio kwa sekunde chache, barabara ikiwa nyeupe, damu irudi. Ashuke Chimala kabla hajaanza kuhamahama, maana nyama zikishaumia kupumzika dakika kumi hakuzirudishi.

Akaenda Iringa. Alinipigia kutoka Ipogolo jioni. Igawa alipita bila kuwaka moto. Makambako alishuka kunywa chai, ganzi hamna, mguu wa kulia hauchomi. Mafinga makalio yalimwambia tu kwamba amekaa muda mrefu, na hilo ni la haki kwa binadamu yeyote. Kilichobaki ni katikati ya mabega, kunakaza kuanzia Ifunda. Mimi nadhani ni upepo, jamaa ni mrefu na Boxer haina kioo cha mbele, anajikunja kujificha. Siti sasa imemwinua kidogo pia, kwahiyo usukani umekuwa chini zaidi kwake kuliko zamani. Kwa hilo tumekubaliana tutafute vipande vya kuinua usukani, tuangalie kwanza kama kebo za breki na klachi zina urefu wa kutosha, maana kebo ikivutika ukikata kona inaweza kushika klachi yenyewe.

Mvua za masika zilipoisha alirudi, nikafungua kona moja ya kava nikaingiza mkono. Pakavu. Sponji la juu limeshuka kidogo upande wa kulia kuliko kushoto, nikamwuliza pochi iko wapi, akacheka, akasema siku za sokoni bado anaisahau mfukoni. Nikamwekea kipande chembamba upande ule, nikafunga, na zile raba za chini nikabadilisha moja iliyokuwa imeanza kupasuka.